Mwaka Mzima wa Kusoma: Namna ya Kutunza Daftari na Kujadiliana na Wasomaji Wenzako

Muulize msomaji mwezi wa Desemba amesoma nini mwaka huu. Atakutajia kitabu kilicho mkononi, atakutajia alichomaliza juzi, kisha ataanza kukuna kichwa. Vile vya Februari na Machi vimeshamtoka, au vimebaki jina na rangi ya jalada, pamoja na kauli kwamba "kilikuwa kizuri". Mtu ambaye hana zaidi ya "kilikuwa kizuri" hana cha kumwambia mwenzake, hata awe amesoma vitabu hamsini.

Mwongozo huu unakuonyesha jinsi ya kutunza kumbukumbu za mwaka mzima ili kila ukikaa na wasomaji wenzako uwe na la kusema na la kuuliza. Idadi ya vitabu itajihesabu yenyewe. Nguvu zako zote zielekeze kwenye mazungumzo, kwa kuwa hayo ndiyo yatakayokuamulia nini cha kuandika, wapi, na wakati gani.

1. Weka kanuni kabla ya kitabu cha kwanza

Mwaka wa kusoma si lazima uanze Januari mosi. Unaweza kuanza siku utakayofungua daftari na kuisha siku kama hiyo mwaka unaofuata. Mkiwa kikundi, kubalianeni tarehe moja, maana mwishoni mtataka kulinganisha orodha zenu.

Kwenye ukurasa wa kwanza andika unahesabu nini. Kitabu cha sauti kinahesabika? Mimi nasema kinahesabika, ila andika kwamba ulikisikiliza na nani alikisoma, kwa sababu sauti ya msomaji humjenga mhusika kwa namna ambayo maandishi peke yake hayafanyi. Kitabu unachokirudia nacho kiingie, kikiwa na alama ya marudio. Diwani ya mashairi inaleta utata zaidi: wengi huionja shairi moja leo na jingine mwezi ujao, na wala hakuna ubaya. Iandike siku uliyoianza, kisha acha nafasi. Kitabu ulichokianza mwaka jana ukakimaliza mwaka huu ni cha mwaka huu.

Kuhusu malengo, nakusihi usijiwekee idadi kubwa. Ukijipangia vitabu hamsini na Oktoba ikakukuta na thelathini, mkono utaanza kuchagua vijitabu vyembamba, na ile riwaya ya kurasa 700 uliyoitamani mwaka mzima itangoja tena. Lengo la aina ya vitabu lina faida kubwa kuliko lengo la idadi: tamthilia mbili, kitabu kimoja kilichoandikwa kabla ya 1900, tafsiri tatu kutoka lugha ambazo hujawahi kuzisoma. Malengo ya namna hiyo hukusukuma kwenda usikokwenda, na huko ndiko maswali mapya yanakopatikana.

2. Chagua pa kuandikia

Kuna njia tatu, na inayofaa ni ile utakayoifungua bila kujilazimisha.

Daftari la karatasi halihitaji umeme, na unapoandika hakuna ujumbe unaoingia kukukatiza. Udhaifu wake ni kwamba halijitafuti: ukitaka kujua umesoma waandishi wanawake wangapi, utapitia ukurasa kwa ukurasa. Jedwali la kompyuta linajibu swali hilo mara moja, lakini si mahali pazuri pa kuandika mawazo marefu.

Njia ya tatu ni huduma za intaneti za kuorodhesha vitabu unavyosoma. LibraryThing ilianza 2005, Goodreads ikafuata 2007 na tangu 2013 inamilikiwa na Amazon. StoryGraph ni changa zaidi, na wengi wanaipenda kwa michoro yake inayoonyesha mwenendo wa usomaji wako na kwa kuwa inakuruhusu kutoa hata robo ya nyota. Goodreads hutoa nyota nzima tu. Uzuri wa huduma hizi ni kwamba wenzako wanaziona orodha zako papo hapo. Ila usiache kumbukumbu zako zote mikononi mwa kampuni. Kila baada ya miezi mitatu pakua faili la orodha yako na ulihifadhi mwenyewe. Huduma zote tatu zinaruhusu hilo.

Ushauri wangu ni kuchanganya: orodha iwe kwenye jedwali au kwenye huduma, mawazo yaingie kwenye daftari.

3. Mstari mmoja kwa kila kitabu

Hapa usiandike mengi, maana mengi huchosha na kinachochosha huachwa. Mwimbaji Mmarekani Art Garfunkel ameorodhesha vitabu anavyosoma tangu 1968, na orodha ndefu kiasi hicho imewezekana kwa sababu kila kitabu kina mstari wake mmoja mfupi.

Mstari wako uwe na jina la kitabu, mwandishi, mfasiri kama ni tafsiri, mwaka kilipochapishwa mara ya kwanza, idadi ya kurasa, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Mfasiri usimruke. Maneno unayoyapenda katika kitabu kilichofasiriwa ameyachagua yeye, na ukitaka kitabu kingine chenye ladha ile huenda jina lake likakufikisha haraka kuliko jina la mwandishi.

Ongeza safu mbili ambazo watu wengi hawaziweki. Ya kwanza iite "kilinifikiaje": nani alikutajia, ulikiona wapi, au ulikiokota tu rafuni. Ya pili iite "kiko wapi sasa", kwa ajili ya vitabu ulivyoazima na ulivyoazimisha. Urafiki wa wasomaji umewahi kuingia doa kwa sababu ya kitabu ambacho hakuna aliyekumbuka kiko kwa nani.

Jambo jingine dogo lenye faida siku ya majadiliano: andika toleo. Namba ya ISBN, iliyo nyuma ya jalada au kwenye ukurasa wa taarifa za uchapishaji, hutofautisha toleo moja na jingine. Vitabu vya tangu 2007 vina tarakimu 13, vya kabla ya hapo vilikuwa na 10. Toleo lenye jalada gumu na lenye jalada laini huenda zisilingane kurasa, na kitabu cha kwenye simu hubadili kurasa kila unapokuza maandishi. Ndiyo maana katika daftari ni vizuri uandike namba ya sura kwanza, ukurasa baadaye.

4. Andika ukiwa bado ndani ya kitabu

Hii ndiyo hatua inayobeba nyingine zote.

Mwaka 1885 mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Aliona kwamba kusahau huenda kasi mwanzoni, katika saa na siku za kwanza, kisha kasi hupungua. Kitabu si silabi tupu, lakini kila msomaji anaijua hali hiyo: jioni unakumbuka mjadala mzima wa wahusika wawili, wiki mbili baadaye unakumbuka tu kwamba waligombana. Anayesubiri amalize ndipo aandike, anaandika juu ya sura za mwisho peke yake.

Basi kila unapofunga kitabu kwa siku hiyo, chukua dakika tatu. Usikifungue tena. Andika kutoka kichwani kilichotokea na kilichokugusa, hata kwa sentensi mbili. Kuandika bila kutazama kuna sababu yake. Katika utafiti uliochapishwa 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma; wengine walivisoma tena, wengine walivifunga na kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele kidogo. Baada ya wiki moja, walioandika kutoka kichwani ndio waliokumbuka zaidi. Kule kujikakamua kukumbuka ndiko kunakokishikilia kitu kichwani.

Ukiwa unasoma, weka alama ndogo ya penseli pembeni, au kijikaratasi kama kitabu si chako. Weka alama mahali ulipokwama, ulipokasirika, ulipocheka, na ulipotilia shaka. Sentensi tamu zipo za kutosha, na mkono unazifuata wenyewe. Mahali penye shaka pana thamani zaidi kwa sababu ndipo swali linapozaliwa.

Tuchukue mfano wa riwaya ya kubuni. Maandishi ya daftari yanaweza kuwa hivi:

*Sura ya 6, uk. 87. Mama anapokea barua, anaiweka chini ya godoro bila kuifungua. Mwandishi hasemi kwa nini. Hajui kusoma? Au anajua imetoka kwa nani?*

*Sura ya 15, uk. 203. Barua imerudi! Binti ameikuta, bado imefungwa. Nilidhani mama alishaisoma kwa siri.*

*Nimemaliza. Mwisho umeniudhi. Binti naye haifungui. Swali kwa wenzangu: ni woga au ni heshima?*

Ni mistari michache tu, haina muhtasari wa hadithi wala nyota. Lakini miezi minane baadaye mwenye daftari akiisoma atakiona kitabu kizima, na ana swali ambalo hakuna mtu atakayelijibu kwa neno moja.

Daftari likishakuwa nene utahitaji faharasa. Mwanafalsafa Mwingereza John Locke alibuni njia iliyochapishwa kwa Kifaransa 1686 na kwa Kiingereza 1706: kila mada ilipangwa kwa herufi yake ya kwanza na irabu inayofuata, na kando yake zikaandikwa kurasa za daftari. Kwa Kiswahili ni bora kuirekebisha, la sivyo upweke, usaliti, ujane na uhamisho vitarundikana vyote chini ya U. Panga kwa herufi inayofuata kiambishi: upweke kwenye P, usaliti kwenye S, ujane kwenye J, uhamisho kwenye H. Tenga kurasa mbili za mwisho kwa kazi hiyo. Mtakapojadili riwaya inayohusu uhamisho, utafungua H na kukuta vitabu vingine vitatu vya mwaka huo vilivyogusa jambo hilo hilo.

5. Ulivyoviacha njiani

Viandike. Weka sura uliyoishia na sababu katika sentensi moja: lugha ilikuwa nzito, mhusika hakuniingia, nilikuwa na msiba, muda wa kuazima uliisha. Sababu hizo hazifanani hata kidogo. Mbili za mwisho zinasema kitabu kinastahili kurudiwa, na bila maandishi utakumbuka tu kwamba kilikushinda.

6. Mwisho wa kila mwezi

Keti nusu saa, soma ulichoandika mwezi huo, kisha andika aya moja. Usivipange vitabu kwa ubora. Tafuta kinachoviunganisha au kinachovigombanisha: wasifu wa mwanzoni mwa mwezi unasema hivi juu ya vita, riwaya ya katikati inasema kinyume chake. Nani nimwamini, na kwa nini?

Pia pitia orodha ya vitabu unavyotaka kusoma. Mwanasayansi Mwingereza Charles Darwin alitunza madaftari ya usomaji tangu 1838 hadi 1860, na ndani yake aliweka vitabu vya kusomwa mbali na vilivyokwisha kusomwa. Nawe zitenge. Kisha zile za kusomwa zipunguze bila huruma; kitabu ambacho umekiruka miezi sita mfululizo kiondoe. Ukikihitaji kweli, kitakurudia.

7. Kaa na wenzako

Watu wanne hadi wanane wanatosha. Chini ya hapo, mmoja akikosa mazungumzo yanapwaya. Juu ya hapo, wawili watatu watasikiliza tu mwaka mzima. Wasiwe wote wa ladha moja. Mtu asiyependa mashairi ni hazina siku mnayojadili diwani, mradi ameisoma.

Kuna namna mbili za kukutana, nazo zinafaa kwenda pamoja. Ya kwanza ni kusoma wote kitabu kimoja. Ya pili, ambayo naipenda zaidi na ambayo vikundi vingi havijaijaribu, ni kila mtu kuja na kitabu chake cha mwezi huo na kukieleza kwa dakika tano, daftari likiwa mkononi. Mkipokezana miezi hivyo, mnapata kitabu cha kuzama ndani yake na pia habari za vitabu vingi ambavyo msingevifikia peke yenu.

Siku ya kitabu kimoja, msianze na "mmekionaje?" Swali hilo huleta zuri, zuri, cha kawaida, na mazungumzo yanakufa kabla hayajasimama. Kila mtu asome kwa sauti kifungu kimoja alichowekea alama, na aseme kwa nini alisimama hapo. Vifungu vikishasomwa, mara nyingi mtaona viwili au vitatu vinagongana, na mnaanzia hapo hapo. Mpeni nafasi ya mapema yule ambaye kitabu hakikumpendeza. Akisubiri hadi mwisho, sifa zitakuwa zimejaa chumbani na atanyamaza.

Mkibishana, "turudini kwenye kitabu" ndiyo iwe kauli ya kikundi. Katika ile riwaya ya barua, mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Dada, mimi nasema ni woga. Asiyeogopa angeifungua."

"Hapana kaka, rudi sura ya 3. Mama alimwambia mumewe kabla hajasafiri, 'Habari zako nitazisikia kwa mdomo wako.' Na barua imetoka kwa huyo mume. Alikuwa anamngoja arudi aseme mwenyewe."

"Ngoja niitafute... Ndiyo, ipo. Basi na binti alilijua hilo?"

Swali hilo la mwisho halikuwa katika daftari la yeyote kati yao. Limezaliwa pale, kwa sababu mmoja alikuja na swali lililoandikwa na mwingine alikuja na sura.

Mkijadili kwa ujumbe wa simu, kila ujumbe uanze na namba ya sura: "Hadi sura ya 10." Aliye nyuma ataona na kuacha kuusoma. Kumwaga mtama wa mwisho wa hadithi kabla wenzako hawajafika ni kuwanyang'anya kitu kisichorudishika. Ujumbe wa sauti uwe mfupi, na mwenye kuutuma aandike mstari mmoja unaosema unahusu nini, ili mwezi ujao uweze kutafutwa. Uongozi wa kikao uwe wa zamu. Anayeongoza aandae maswali matatu tu na awe tayari kuyaacha mazungumzo yakishika njia nzuri zaidi.

Ukifika nyumbani, kabla ya kulala, fungua daftari kwenye kitabu kile na uandike chini yake kichwa hiki: *Baada ya mazungumzo*. Kwa mfano: *Sikuwa nimeitia maanani sentensi ya sura ya 3. Mama alishika ahadi. Bado sijui binti alijua nini. Nirudie sura ya 14.* Usifute ulichoandika mwanzo. Maoni yako ya kwanza na ya pili yakikaa ukurasa mmoja, unaona fikra zako zilivyosogea na nani aliyezisogeza. Katika yote niliyoyataja, hili ndilo ningeliomba usiliache hata mwezi mmoja.

8. Kufunga mwaka

Sasa hesabu, lakini hesabu kinachofundisha. Ukitaka kujua vitabu vyako ni vya kipindi gani, usitafute wastani wa miaka ya kuchapishwa, maana kitabu kimoja cha 1605 kitauvuta nyuma wote. Panga miaka kwa mfuatano na utazame wa katikati. Ukiwa na vitabu 25, wa 13 ndio utakaokuambia. Hesabu tafsiri na lugha zilikotoka. Hesabu waandishi ambao huo ulikuwa mwaka wako wa kwanza kuwasoma.

Kisha ichukue safu ya "kilinifikiaje" na uiweke kando ya vitabu ulivyoviacha na ulivyovirudia. Huenda ukaona kwamba matangazo yamekuletea vingi usivyovimaliza, na kwamba kuna mtu mmoja ambaye kila alichokutajia kimekukaa moyoni. Mwambie. Watu hupendekeza vitabu miaka mingi bila kujua kilichowapata baadaye.

Kikao cha mwisho cha mwaka kila mmoja aje na orodha yake yote na achague vitabu vitatu vya kusimulia: kilichombadilisha mawazo, anachoendelea kubishana nacho hadi leo, na kimoja ambacho hakuna mwingine kikundini aliyekisoma. Kwa kila kimoja asome alichoandika siku alipokimaliza, kisha aseme anakionaje sasa. Tengeni muda wa kutosha, kwa kuwa kikao hiki hurefuka kuliko vingine vyote.

Mwisho badilishaneni orodha. Kila mtu apitie ya mwenzake kimyakimya kwa dakika kumi na achague kitabu kimoja cha kuanzia mwaka mpya, na mwenye nacho amwazime pale pale. Kiandike kwenye mstari wa kwanza wa daftari jipya: jina la kitabu, toleo, aliyekupa, na tarehe uliyoahidi kukirudisha.